Spika za Boda Boda wa Kisumu: Utamu au Udhia?

Katika mambo yanayozungumzwa barazani siku hizi, moja ni hili la vijana wa boda boda kupachika spika juu ya pikipiki zao na kufungulia muziki mtaa mzima ukasikia. Wako wasemao kwamba vyombo hivyo vitwaliwe na kuvunjwa hadharani. Wako wengine wasemao vijana waachwe, kwani ujana ni moshi, ukienda haurudi. Mimi simo katika kundi la kwanza wala la pili. Jambo hili nimelitazama nikiwa Kisumu na katika vijiji vya ufuo wa ziwa, na rai yangu ni kwamba ugomvi wetu si na spika. Ugomvi wetu ni na ule ujinga wa kudhani kuwa sauti kubwa ndiyo sauti nzuri.

Nimeichukua Kisumu kuwa mfano kwa sababu boda boda ni mwana wa upande ule. Jina lenyewe lilizaliwa mpakani Busia, ambako katika miaka ya 1960 vijana wa baiskeli walikuwa wakivusha watu na mizigo baina ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda, wakinadi boda, boda, yaani mpaka hata mpaka. Kutoka hapo kazi ikashuka hadi Kisumu, na kwa miaka mingi mji huo ukajulikana kwa baiskeli zake zenye kiti cha sponji nyuma. Ulipofika mwaka 2008, Serikali ya Kenya ikaondoa kodi ya thamani kwa pikipiki ndogo zisizozidi sisi 250. Tangu hapo pikipiki za Kihindi, kama Bajaj Boxer na TVS, zikaingia kama mvua ya masika, na baiskeli ikasukumwa pembeni.

Pikipiki hizo zatoka kiwandani zikiwa na honi tu. Hazina redio wala spika. Si kama zile pikipiki kubwa za safari ndefu, kama Honda Gold Wing na baadhi ya zile za Harley-Davidson, ambazo matajiri wa Marekani na Ulaya huzinunua zikiwa tayari zimetiwa muziki ndani yake. Hata hao nao hawatosheki. Wengi huzing'oa spika za kiwandani wakatia nyingine zenye nguvu zaidi, kwa sababu chombo kikishika mwendo upepo huimeza sauti. Basi kijana wa Kondele anapokwenda kwa fundi wa kando ya barabara na kusema anataka muziki usikike, anataka kile kile akitakacho Mmarekani mwenye pesa zake. Hapo simwoni ana kosa.

KIJANA ANATAFUTA NINI?

Ni vizuri kwanza tumfahamu mtu kabla ya kumlaumu. Kazi ya boda boda ni kazi ya kungoja. Mwendeshaji hufika steji alfajiri, akakaa juu ya tangi saa mbili au tatu bila abiria, jua la ziwa likimpiga utosini. Muziki humwondolea uvivu na upweke. Isitoshe, wako abiria, hasa vijana wenzake, wanaochagua pikipiki yenye muziki na kuiacha iliyo kimya. Spika imekuwa kama kibao cha duka. Na zaidi ya hayo, pikipiki hiyo aghalabu ni ya mkopo. Rangi, tangi na injini vyote ni vya mwenye kudai. Muziki ndio kitu pekee alichokichagua mwenyewe. Hivyo mtu anayesema kwamba jambo hili ni upuuzi mtupu hajapata kukaa steji.

Tena nataka kuyakataa kabisa maneno niliyoyasikia kwa baadhi ya jamaa zetu wa pwani, kwamba kelele ni asili ya watu wa ziwani. Haya ni maneno ya kukosa adabu, na pia ni ya kukosa elimu. Kwanza, nenda Mombasa pale Mwembe Tayari, au Malindi, uone kama tuktuk na pikipiki zetu zapita kimya. Pili, watu wa ziwani wana masikio yaliyofunzwa. Tazama nyatiti, ala yao ya nyuzi nane. Mpigaji huketi chini, vidole vikacheza na nyuzi, na katika kidole gumba cha mguu huvaa pete ya chuma ya kugongea mapigo, huku njuga zikilia mguuni. Mtu mmoja huimba, hupiga nyuzi na hupiga mdundo. Na kazi yote hiyo ilikuwa ikisikilizwa bila ya kipaza sauti hata kimoja, watu wakinyamaza ili wasipitwe na neno.

Kutokana na nyatiti hiyo vijana wa baadaye walipata mwendo wa gita, nayo ikazaliwa benga. Mmoja wa mabingwa wake, Daniel Owino Misiani, alizaliwa Shirati, Tanganyika, mwaka 1940, akajenga jina lake Kenya na bendi ya Shirati Jazz, na akafa mwezi Mei 2006 kwa ajali ya barabarani mjini Kisumu. Benga ilikwenda mbali sana. Huko Zimbabwe watu waliiita kanindo, kwa jina la Oluoch Kanindo, mtayarishaji aliyekuwa akizitoa sahani hizo katika miaka ya 1970. Watu wenye urithi kama huo hawafundishwi na mtu kusikiliza.

Na hapa ndipo penye masikitiko yangu. Benga ni muziki wa maneno. Mna sifa, mna mafumbo, mna habari za siasa na mapenzi. Wenyewe wana desturi waiitayo pakruok, ya mtu kusimama na kujisifu yeye na jamaa zake kwa lugha ya kupambwa, mfano wa majigambo yetu sisi washairi. Nyuma ya maneno hayo magita mawili au matatu hujibizana, na gita la besi nalo lina hadithi yake. Muziki wa namna hiyo ukiutia katika spika ya ovyo na kuufungulia hadi mwisho, huyapati maneno wala huipati besi. Unapata mkoromo. Mimi si mjuzi wa Kijaluo, lakini wenye lugha yao niliowauliza barabarani Kondele ni maneno gani yale yaliyopita, walicheka wakasema hawakuyasikia.

HESABU YA WATI

Sasa natuingie katika hesabu, maana mafundi wengi huuza kwa tarakimu na wanunuzi hununua kwa tarakimu. Utaona boksi dogo limebandikwa karatasi ya wati 1,000. Pikipiki ya boda boda ina betri ndogo ya volti 12. Tuchukue betri ya ampea 5 kwa saa. Mara 12 ni wati 60 kwa muda wa saa moja, kisha imekwisha. Na injini inayoijaza betri hiyo ina taa ya kuwasha na moto wa plagi wa kulisha. Hizo wati 1,000 zitatoka wapi? Hazitoki popote. Ni wino juu ya karatasi.

Jambo la pili ni kwamba sikio halihesabu kama mfuko. Ukizidisha wati mara mbili, sauti huongezeka desibeli 3 tu, na sikio hulitambua ongezeko hilo kwa shida. Ukitaka sikio lione kwamba sauti imekuwa maradufu, yakubidi wati mara 10 hivi. Kwa hivyo kijana aliyeondoa amplifaya ya wati 20 na kuweka ya wati 40 ametoa pesa za siku kadhaa za kazi, na alichokipata ni kidogo mno. Akiona bado haitoshi, huongeza hadi kitufe kigote. Amplifaya iliyoishiwa nguvu huyakata mawimbi ya sauti vichwani, muziki ukawa na ukali wa bati likikwaruzwa, na mwishowe spika yenyewe huungua.

La tatu, na ndilo kubwa, ni umbali. Penye uwanja mtupu, kila umbali ukizidi mara mbili sauti hupungua desibeli 6. Na ukipungua nusu, huongezeka desibeli 6. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba ukiileta spika karibu na sikio la dereva, kutoka mita moja hadi nusu mita, umepata faida sawa na kuzidisha amplifaya mara 4, na mtaa haukusikia zaidi hata chembe. Hili ndilo fundi hodari angelimwambia mteja wake. Lakini utaona spika zimepachikwa nyuma ya kiti, zikiwatazama wapita njia. Mwenye pikipiki ndiye asikiaye vibaya kuliko wote, na hata huyo mpita njia hakuuomba muziki huo.

Tufanye mfano. Spika ya kawaida ikipewa wati 1 hutoa kama desibeli 90 mtu akiwa umbali wa mita moja. Ikipewa wati 10 hutoa 100. Kwenye mita 10 zabaki 80, na kwenye mita 100 zabaki 60, kama hakuna ukuta wala mti. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 kuhusu makelele zimeweka kiwango cha desibeli 50 mchana na 35 usiku kwa nje ya nyumba za makazi, na penye ibada 40 mchana na 35 usiku. Basi pikipiki moja, kwa wati 10 tu, huivunja sheria kwa mwendo wa mita 100 kila upande. Hesabu hii sikuitunga kwa chuki. Kila mwenye kalamu aweza kuipiga.

Na sikio la dereva je? Wataalamu wa afya ya kazini wanasema mtu aweza kukaa katika desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka 3 muda hukatwa nusu. Kwenye 88 ni saa 4, kwenye 91 ni saa 2, na kwenye 100 ni dakika 15. Kijana wa boda boda hukaa barabarani saa 10 au zaidi. Ugonjwa huu hauumi wala hautoi damu. Huanza kwa mlio mdogo wa usiku ndani ya kichwa, kisha sauti za watoto na za wanawake zikawa hazisikiki sawasawa, na daktari hana dawa ya kuurudisha usikizi uliokufa. Tena barabara ya Kisumu kwenda Busia ni ya malori. Dereva asiyesikia honi nyuma yake, na abiria aliyempakia, wote wawili wamo hatarini.

HAKI YA NJIA

Kwetu sisi Waislamu suala hili si geni. Katika mafunzo ya Mtume, rehema na amani zimshukie, njia ina haki zake, na miongoni mwake ni kuzuia udhia usiwafikie watu. Na Luqman, katika sura iitwayo kwa jina lake, alimuusia mwanawe juu ya mwendo wa kiasi na sauti ya kiasi, mambo mawili hayo kwa pamoja. Naona ajabu ya hekima hiyo, kwani mwendo na sauti ndivyo hasa vinavyokutana juu ya pikipiki.

Chuoni tulikofunzwa, mwalimu hakumsifu mwanafunzi kwa kupiga ukelele. Aliyekuwa akisoma kwa kelele ili kuficha kwamba herufi haiijui, alirudishwa aya ile ile hata kumi, kwa sauti ndogo, mpaka herufi itoke mahali pake. Washairi nao wanajua hivyo: mizani ikiwa imepungua, kuimba kwa nguvu hakuijazi.

Twende Kondele tena. Karibu na njia panda ile, kwenye barabara ya Kakamega, ipo hospitali kubwa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji huiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti katika miaka ya 1960. Ndani yake mna mama aliyejifungua, mna mzee wa moyo, mna mtoto wa malaria ambaye usingizi ndiyo dawa yake. Nje mna steji, na kila steji mna spika. Mgonjwa hana uwezo wa kuondoka wala wa kufunga masikio. Huyo ndiye mwenye haki ya kwanza katika mjadala huu, naye hata kuulizwa hakuulizwa.

Wala wasidhani wa vijijini kwamba wamesalimika. Kule Dunga na ufuoni kote, hewa ya chini ikipoa na ile ya juu yake ikabaki na joto, sauti badala ya kupaa huinamishwa ikateleza juu ya ziwa. Hapo pikipiki iliyo mbali husikika kama iko karibu. Wavuvi wa omena, ambao kazi yao ni ya usiku na usingizi wao ni wa mchana, hawapati kimya usiku wala mchana.

NA VIPAZA SAUTI VYETU?

Najua nitaulizwa: wewe mwenye kofia, mbona huvisemi vipaza sauti vya misikiti? Swali ni la haki, na anayelikimbia ameshindwa kabla ya kuanza. Adhana ni wito wa dakika chache, wenye wakati wake unaojulikana, na wajibu wake umetangulia vyombo vya umeme kwa karne nyingi. Lakini darasa la saa mbili linalorushwa nje kwa spika nne, au kaseti inayofunguliwa saa nane za usiku kwa jina la kuwaamsha watu daku, hilo si adhana. Mwezi Mei 2021 Serikali ya Saudi Arabia iliamuru kwamba vipaza sauti vya nje vya misikiti vitumike kwa adhana na ikama tu, na visizidi thuluthi moja ya nguvu zake. Ikiwa nchi yenye Makka na Madina imeona kuna haja ya kipimo, sisi wa Kisumu Kaloleni, Kendu Bay, Mombasa na Lamu tunaogopa nini? Tukijipima sisi kwanza, neno letu kwa vijana wa boda boda litakuwa na uzito. Nyani haoni kundule, wahenga walisema.

LA KUFANYA

Kuvunja spika hadharani sikubaliani nako. Chombo ni mali ya mtu, na siku askari akipewa ruhusa ya kukivunja, kesho yake atauza ruhusa ya kutokivunja. Wala sitaki muziki upigwe marufuku. Benga bila ya Kisumu, na Kisumu bila ya benga, ni chai bila sukari.

Nataka fundi awe fundi. Mteja akija, amwambie ukweli wa betri yake. Ampe spika mbili ndogo nzuri zisizodai wati nyingi, maana spika inayotoa desibeli 93 kwa wati 1, badala ya 90, imempa bure faida ya amplifaya maradufu. Azipachike kwenye usukani zikimtazama dereva, ndani ya boksi lililozibwa lisiingize mvua. Atie fyuzi karibu na betri na waya mnene wa kutosha, kwani waya mwembamba juu ya tangi la petroli ni mauti. Na aifunge amplifaya kwa kiasi, ili kitufe hata kikigota kisipite mahali ambapo dereva na abiria wake wanaweza kusemezana bila kupaza sauti. Hicho ndicho kipimo changu, nacho hakihitaji mashine: abiria akisema shukisha hapa, na dereva akasikia mara ya kwanza, sauti iko sawa.

Nataka wenyeviti wa steji, ambao wanajua kukusanya michango ya mazishi na kumwadhibu mwenzao aliyekosa, wakubaliane na vijana wao: penye hospitali, shule, kanisa na msikiti, na penye jeneza likipita, kitufe kinazimwa. Steji ikijiwekea sheria, hushikwa kuliko ile ya gazeti la Serikali. Na serikali ya kaunti iweke vibao vya kimya, kwa Kiswahili na Kijaluo, nje ya hospitali zote, kisha ndipo imshitaki atakayepuuza.

Aidha, pikipiki za umeme zimeanza kuingia katika barabara za Kenya, nazo injini zake hazina ngurumo. Kijana atakayepanda chombo hicho hatakuwa na injini ya kushindana nayo. Spika ndogo itamtosha, na kwa mara ya kwanza atalisikia gita la pili la benga anayoipenda. Lakini akiichukua ile spika kubwa ya zamani akaihamishia huko, betri aliyoichaji kwa kazi itatumika kwa kelele, na mtaa utapoteza raha ambayo ungeipata.

Wazee nasi tusiwasemeshe vijana hawa kwa ukali. Tukipanda, tuombe kwa upole: kijana wangu, punguza kidogo. Nimejaribu mara nyingi Kisumu, na aghalabu jibu huwa sawa, mzee, na kitufe kinateremka. Kwao nimeyatunga haya:

Sauti si ukelele, hilo wajua yakini,
Ikizidi mbele mbele, yaondoa burudani,
Mwache mtoto alale, na mgonjwa kitandani,
Punguza spika kijana, njia ni ya majirani.

Mwenye rai nyingine asikae nayo moyoni, ukurasa huu ni wetu sote.